Mti wa Bwana Shauri na Bakuli Lisilovuja

Leo nimemshinda Bwana Shauri, Mzungu wetu mkuu wa wilaya, kwa hoja, na sasa ananiita muuaji.

Nabandika haya mlangoni pa duka hapa Ipinda kabla hajawasimulia ya kwake.

Mnaujua ule mti wake wa Japani wa maua mekundu, mfupi kuliko kuku, anaoulea ndani ya bakuli. Alitaka kuuhamishia kwenye bakuli jipya Septemba.

"Kitabu kinasema Septemba, majani yakianza kuanguka," alisema.

"Kitabu cha kwenu Ulaya! Hapa Septemba ni jua kali. Uhamishe sasa, masika yamekwisha na kuna baridi."

Tulibishana asubuhi nzima. Akakubali! (Nilitembea kama chifu.)

Tukaupanda katika bakuli la Mama Tumaini, mfinyanzi wa Kikisi kutoka Ziwa Nyasa, aliyekuwa ameketi akitusikiliza. Tukamwagilia.

Maji hayakutoka.

Mti ukaelea.

"Mama, tundu tuliloagiza chini liko wapi?" nikauliza.

"Nililiziba, baba. Niuze chombo kinachovuja, wenzangu kule ziwani wanicheke?"

Bwana Shauri akanigeukia mimi: "Majira yako yameuua!"

Majira yangu?

"Mama, litoboe basi!" nikamwambia.

"Septemba, baba. Si kitabu kinasema?"

Mti umelazwa kwenye taulo. Andikeni hapa chini kwa penseli: muuaji ni nani?