Jumapili Waliyonisahau Kanisani

Mwezi uliopita nilipanda tena hadi Nyamitaba, kijijini kwetu milimani, kwa harusi ya binti ya dada yangu. Kabla hata sijashuka kwenye pikipiki, harufu ya maziwa na moshi wa mikaratusi ilinirudisha utotoni. Ngoja nikusimulie.

Homa iliniua miguu nikiwa mdogo sana. Tangu hapo nikawa mtoto wa mgongoni. Mama akienda shambani, aliniweka kando ya mgomba, nikaambua maharagwe hapo mpaka aje kunitoa. Dada alinibeba hadi walipocheza wenzake. Akichoka, alininyanyua hata kama mimi ndiyo kwanza nimeanza kucheka. Walinipenda sana, lakini hakuna aliyeniuliza kitu. Nililia ovyo kila siku, na watu wakasema ni ugonjwa.

Jumapili moja, ibada ilipokwisha, mvua ilikuwa inakaribia na watu wakatawanyika mbio. Mama alidhani bibi amenibeba, bibi akadhani dada, dada akadhani mama. Nikabaki juu ya mkeka, karibu na ngoma. Nililia kidogo, kisha nikaacha, maana hapakuwa na wa kunisikia.

Nikatoka kwa mikono. Nilishuka mlima nikiwa nimekaa, nikijivuta katikati ya maharagwe. Mvua ilipita upande wa Mushaki. Nilikuta matunda ya marakuja yameanguka, nikala mawili. Mbele kidogo ng'ombe alikuwa anamlamba ndama wake. Nikamtazama mpaka nikatosheka mwenyewe. Hakuna aliyesema twende.

Nilifika nyumbani sketi imechanika, viganja vinatoka damu. Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka kunitafuta, akapiga kelele, akanikimbilia.

"Acha kwanza!" nikamwambia.

Bibi, aliyekuwa anasonga fufu, akaweka mwiko chini. "Umepita wapi?"

"Kwa shamba ya maharagi. Nimekula marakuja. Nimeangalia ngombe."

"Uliogopa?"

"Kidogo. Kisha nikafurahi."

Bibi akawageukia wengine. "Tangu leo, muntu asimubebe huyu mutoto bila kumuuliza. Akikatala, mumuache."

"Na akianguka?" mama akauliza, machozi yakimtoka.

"Ataanguka. Hata sisi tunaangukaka."

Wiki ile ile jirani yetu, mchonga mipini ya majembe, alinipima kwa kamba, akanitengenezea magongo mawili. Nilianguka nayo mara nyingi. Siku za matope nilisema mwenyewe, "Nibebe," nikabebwa bila aibu. Kile kilio cha kila siku kikaisha, hata sikumbuki kiliisha lini.

Leo Nyamitaba ile haipo. Kanisa limehamishwa, shamba la maharagwe limekuwa mikaratusi mitupu. Vita viliwapeleka majirani wengi Sake na Goma, na wengine hawakurudi. Bibi tulimzika kitambo. Mimi nashona nguo Sake, nina nyumba yangu na watoto wawili. Miguu ni ile ile.

Mama yupo, amezeeka. Pale harusini, nilipotaka kuinuka, mikono yake ilinyooka yenyewe kunishika. Kisha akairudisha mapajani, akanitazama, akangoja niseme.