Radi ya Bibi Yangu

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na majina mawili, na hakuna aliyeniuliza nalitaka lipi. Kwa baba niliitwa Kabula, kwa kuwa nilizaliwa mvua ikinyesha, na Wasukuma hawaachi mvua ipite bure. Kwa bibi mzaa mama niliitwa Veronika, jina la ubatizo, na ole wako umwite mjukuu wake lile jina la mvua mbele ya wanawake wenzake wa kanisani. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na mwendo mfupi tu. Njia ilipita kwenye mashamba ya Wafipa yenye matuta ya duara, kisha ikaingia kwenye shamba la baba, lililolimwa kwa plau likalala bapa. Matuta yalipoishia, ndipo nilipobadilika jina.

Hiyo ilikuwa Ufipa, upande wa Sumbawanga, kijiji kilicho njia ya kwenda Kasesya mpakani, miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kujaa gulioni na mtu akaweza kupakia mahindi kwenye lori bila kuulizwa kibali. Baba alikuja huko na ng'ombe akitafuta malisho, akamwoa mama, na ukoo wa mama ukampa shamba la kando ya ilungu. Ilungu ni tanuri la udongo, refu kuliko mtu, ambalo Wafipa wa zamani waliyeyushia chuma. Hilo letu lilikuwa limebomoka upande mmoja, limezungukwa na mabaki meusi mazito, na karibu yake ulisimama mti mmoja peke yake. Mawingu yakitanda, hakuna Mfipa aliyepasogelea.

Watoto wa upande wa mama waliniita mtoto wa ng'ombe. Hilo nililizoea. Lililoniuma lilitoka upande wa baba, kwa sababu huko ndiko nilikotaka kuwa. Kulikuwa na maziwa, kulikuwa na nyimbo, kulikuwa na watoto wa baba mkubwa Masanja, ambao niliwapenda kuliko walivyonipenda. Kila ngurumo ikilia walinigeukia wakasema, mwambieni huyu Mfipa awaambie ndugu zake kwamba tumesikia. Kwao, kila Mfipa alikuwa na radi yake ameiweka mahali, kama mtu anavyoweka jembe.

Siku moja, mvua za kwanza zikikaribia, nilimkuta bibi shambani akikusanya nyasi na kuzifukia kwa udongo, tuta baada ya tuta, maana ndivyo Wafipa wanavyolisha ardhi yao. Alisimama, akauegemea mpini.

"Veronika, mwambie baba yako, na kama hayupo mwambie huyo kaka yake. Mvua zikianza wasifunge ng'ombe kwenye mti wa ilungu. Radi ina njia yake pale. Mjomba wangu ilimchukua hapo hapo, mimi nikiwa mdogo kama wewe."

"Ndiyo, Bibi."

"Usisahau."

Sikusahau. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wakisimulia makosa ya utotoni hupenda kusema walisahau. Nilifika nyumbani na maneno yote kichwani. Baba alikuwa amekwenda Kasesya na lori la mahindi. Baba mkubwa alikuwa anakula na wanawe, na nilipowaamkia wakaniuliza nimetoka wapi. Nikasema shambani kwa bibi. Baba mkubwa akasema Wafipa ni watu wa ajabu, nyasi wanazichimbia kaburi halafu wanasubiri zifufuke mahindi. Watoto wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nami nikacheka nao. Wakanisogezea bakuli la maziwa, nikakaa katikati yao, na maneno ya bibi nikayameza pamoja na ugali.

Siku ya tatu, mchana, mvua ilianza ghafla baba mkubwa na wanawe wakiwa wanalima. Baba mkubwa alifunga maksai wanne kwenye ule mti, na minyororo yao ya plau, akakimbilia nyumbani. Tulisikia mshindo mmoja tu. Mvua ilipokatika tuliwakuta wote wanne wamelala upande mmoja.

Jioni ile baba mkubwa aliniita mbele ya watu wazima. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Kabula, bibi yako amewahi kusema lolote kuhusu ule mti?"

"Alisema pale radi hupiga."

"Alisema lini?"

"Kabla ya mvua."

Kwao hilo lilitosha kumjua aliyeituma radi. Hakuna aliyeuliza kama nilitumwa, nami sikusema. Nilimwona mama akiketi chini pale pale mlangoni, nikadhani amechoka.

Baba aliporudi alikuta kesi imekwisha. Alijaribu kumtetea mama, lakini sauti ya mdogo haipandi juu ya ya mkubwa. Mama alirudishwa kwao. Mimi, kwa kuwa mahari ilikuwa imetolewa, nilikuwa wa baba, na kabla ya mavuno tukahamia bondeni na ng'ombe waliobaki.

Bibi hakupigwa wala kufukuzwa. Aliachiwa jina la mchawi wa radi. Hata Wafipa wenzake waliamini. Kanisani hakuna aliyekaa naye benchi moja, na mama aliniambia baadaye kwamba wengine walimfuata kwa siri na kuku mkononi, wakimwomba awapigie adui zao radi. Aliwafukuza, wakazidi kuamini.

Nilikwenda kumwona nikiwa kidato cha pili. Nilimpa shikamoo, akanipokea, akanipikia maharage. Tulipomaliza kula akaniuliza.

"Veronika, uliwaambia?"

"Niliwaambia, Bibi."

"Basi hawakusikia," akasema, akakusanya vyombo. Sikumwona tena. Alifariki mwaka uliofuata, na najua kwamba alijua.

Nimewahi kujifariji kwamba nilikuwa mtoto. Lakini nilipodanganya kwenye maharage yake sikuwa mtoto. Nilitaka sana kuwa mtu wa upande mmoja, na nimepata. Naishi Mwanza, Kisukuma changu hakina kasoro, na jina Veronika limebaki kwenye cheti cha ubatizo tu. Hata hivyo kila nikiona shamba limelimwa bapa, natafuta matuta kwa macho, na hayapo.

Wenzangu kazini walipojua nilikozaliwa walifurahi. Mvua ikianza kunguruma huniambia, "Kabula, ongea na watu wako wa Sumbawanga huko, tusije tukaungua." Ningeweza kuwaambia kwamba mwanamke mmoja wa huko alituma onyo, na aliyetumwa ni mimi. Wanacheka, nami nacheka nao.