Katuni Iliyobaki Kwangu

Mwezi uliopita nilicheka mahali ambapo mtu mwenye akili hacheki. Nilikwenda ofisi moja hapa Dodoma kufuatilia kiwanja cha mama, na kijana aliyekuwa dirishani akaniambia kwa upole, "Mzee, faili lako limetoka. Halijarudi." Nikaangua kicheko mpaka mlinzi akachungulia. Maneno hayohayo niliwahi kuyasoma darasa la tano, juu ya kichwa cha mtu wa kuchorwa, kwenye katuni ya gazetini kuhusu mambo ya ofisi. Lakini mtu gani? Gazeti gani? Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na ndugu yangu, hadi leo sijanyooka.

Tulikuwa tukiishi Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, na baba alikuwa karani wa masijala, yule anayetunza mafaili ya ofisi nzima. Zilikuwa siku zile magazeti mapya yalipochomoza kama mlenda baada ya mvua ya kwanza, na mengine yakanyauka upesi vilevile. Ofisini kwao gazeti lilisomwa kwa vyeo. Lilianza kwa mkubwa, likashuka ngazi kwa ngazi, na masijala ndiyo ilikuwa ya mwisho. Lilipofika nyumbani kwetu habari zilikuwa zimechacha, na kila ukurasa umepigwa mhuri wa vikombe vya chai. Katuni lakini haichachi. Baba alizikata kwa wembe, akazibandika kwa uji wa ngano ndani ya faili la kijani, kila moja na namba yake.

Faili hilo lilizunguka nyumbani kama vile nyumba yetu ni wizara. Mama alikuwa Mkurugenzi, dada Ofisa Tawala, na mimi kitindamimba nilikuwa Tarishi. Kila mmoja alipaswa kuandika maoni yake chini ya katuni, kisha alipeleke kwa mwenzake. Mama aliandika akiwa anapepeta karanga: "Nimeona. Kuni zimekwisha." Dada: "Nimeona. Bosi anafanana na mwalimu wetu wa hesabu." Mimi: "Nimeona na nimecheka." Baba alimaliza kwa kalamu nyekundu: "Ihifadhiwe."

Bosi ninayemkumbuka alikuwa na upara na tai inayofika magotini. Kwenye kila faili alilopelekewa aliandika neno moja tu, "Tuongee", kisha haonekani tena. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Mkubwa akiandika 'Tuongee'," alitufundisha, "ujue ama hajaelewa, ama anaogopa kuandika."

Kisha wakaanza kupunguza watu kazini. Baba alirudi saa nne asubuhi amebeba kikombe chake na kile kimto cha kiti alichoshonewa na mama. Nilikuwa kidato cha pili. Juma lile alibandika katuni moja zaidi, na faili likaletwa kwangu. Likakaa.

"Tarishi," aliniita, "mbona faili limelala mezani kwako?"

"Nina mtihani, baba."

Sikuwa na mtihani. Nilikuwa na aibu, maana baba za wenzangu bado walivaa mashati ya kunyooshwa. Nililirudisha bila kuandika kitu, na hata katuni sikuitazama sawasawa. Hakuniuliza tena. Akaenda Kizota kupiga randa kwa fundi seremala, na tangu hapo hadi alipotutoka alinukia vumbi la mbao.

Kwa hiyo nilipokuwa nikicheka pale dirishani, nilichokitaka ni katuni ile ya mwisho. Baba alikuwa ananiomba nicheke nini?

Nikampigia dada, nikamuuliza ile katuni ya bosi ilikuwa ya gazeti gani. "Bosi gani?" akasema. "Ilikuwa ya katibu muhtasi na taipureta yake. Wewe msomi, vitabu vimekuvuruga." Mama naye akatikisa kichwa. "Mbuzi. Kulikuwa na mbuzi anakula mafaili."

Nikaenda maktaba.

"Shikamoo, baba. Unatafuta gazeti gani?" aliuliza binti wa pale.

"Marahaba. Sikumbuki."

"La mwaka gani?"

"Nilikuwa navaa kaptula."

"Kaptula hatuna kwenye orodha, baba."

Hata hivyo alinitolea rundo baada ya rundo. Kwa siku tatu nilipiga chafya juu ya magazeti ya zamani, na mambo yakazidi kunichanganya, kwa sababu niliwakuta wote. Bosi alikuwa gazeti moja, katibu muhtasi jingine, na mbuzi, jamani, mbuzi alikuwa jingine kabisa. Hawakuwahi kukutana. Baba alipanga kwa mada, kama masijala inavyopanga: yote ya ofisi, faili moja. Sisi tukaamini ni katuni moja. Katuni niliyokuwa naitafuta haikuwahi kuchapwa popote ila nyumbani kwetu.

Nikamweleza mama kwa kirefu. Akanisikiliza, akasema neno la lugha ya kwao Chemba, lenye mlio wa ulimi, la kumshangaa mjinga, kisha: "Sasa si ungetazama kwenye faili lenyewe?"

"Lipo?"

"Si hilo hapo linafunika debe la mtama."

Shahada mbili, ndugu yangu, na siku tatu za chafya.

Nikalipangusa. Ukurasa wa mwisho kuna kiti kikubwa kitupu na tarishi amesimama mbele yake, faili mkononi. Anasema kitu, ila mende wamekula maneno yote. Chini yake mwandiko mwekundu: "Tarishi, naomba maoni yako." Kisha nafasi tupu.

Nimeigeuza huku na huku. Sijui kama ni kichekesho. Sijui kama baba aliichagua kwa ajili ya kiti au kwa ajili ya aliyesimama. Masijala ya kwao siku hizi ni kompyuta, wale wachoraji hakuna anayewakumbuka, na wa kumuuliza ndiye huyo hayupo.

"Andika basi," mama akasema, "unirudishie kifuniko changu. Panya hawasubiri wasomi."

Nikaomba kalamu. Nilitaka kuandika kwamba nimeona na nimecheka, lakini ungekuwa uongo wa pili, baada ya ule wa mtihani. Nikaandika neno moja, nikatia sahihi: "Tuongee."

Mama akalichukua, akalirudisha juu ya mtama.