Jasi Bila Mfereji

Nimefundisha kemia miaka ishirini na saba, kisha nikashindwa na nusu ekari ya udongo. Naliandika jambo hili mwenyewe kabla wifi yangu hajalisimulia, maana yeye hulitia chumvi, na chumvi tunayo ya kutosha.

Marehemu mume wangu aliniachia jina zuri na jaruba la mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji. Jaruba lenyewe likikauka hutoa ukoko mweupe. Wifi, dada yake marehemu, alikuwa akilitazama na kutikisa kichwa.

"Wifi, shamba la kaka yangu lina mba."

"Ni chumvi ya sodiamu," nilimjibu.

"Basi lipake mafuta."

Misimu miwili mpunga ulichipua, ukaungua ncha, ukalala. Kanuni ya skimu iko wazi: jaruba likikosa mavuno misimu mitatu mfululizo, kamati inampa mtu mwingine. Ukoo wetu haujawahi kunyang'anywa kitu mbele za watu, hata kiti.

Nikafungua vitabu. Nikanunua jasi, ule unga mweupe unaoilazimisha chumvi kuuachia udongo, nikaichanganya na samadi iliyooza vizuri. Siku ya kumwaga nilivaa viatu vya ofisini, ili wapita njia wajue kwamba hiki si kilimo, ni sayansi. Niliwahutubia vibarua wanne mpaka mmoja akasinzia wima, ameegemea jembe. Kisha tukajaza maji, nikaamuru tuta lizibwe kila upande lisipenye hata tone, nikarudi nyumbani kusubiri matokeo.

Maji yalikauka. Ukoko ukarudi, mweupe kuliko mwanzo. Nilichofanya baada ya hapo sijivunii: nilidamka siku tatu mfululizo na ufagio wa uani, nikaufagia watu wasiuone.

Siku ya tatu akanikuta fundi bomba, mwenye jaruba lililo kati ya langu na mfereji mkuu wa kutolea maji. Nilimfundisha kidato cha pili, na kwenye ripoti yake niliandika kwa mkono wangu: "Hana kichwa cha sayansi."

"Shikamoo, mwalimu. Unadeki?"

"Marahaba. Ninachunguza."

Akautazama ufagio. "Jasi umeweka?"

"Mifuko kumi."

"Sasa ikishaiachisha chumvi, chumvi inakwenda wapi?"

Niligeuka kulitazama tuta.

"Maana naona umeziba kote, mwalimu. Ni kama umefua, halafu nguo umeziacha zikauke ndani ya beseni, na maji yake machafu."

Aliyasema kwa adabu, na adabu ndiyo iliyoniumiza. Maji yangu yasingefika kwenye mfereji mkuu bila kupita kwake. Niliwaza kumtuma wifi akaniombee, nikakumbuka jinsi ambavyo angefurahi. Zilibaki wiki tano tu kabla ya kupandikiza, na huo ulikuwa msimu wa mwisho.

"Naomba njia ya maji, baba," nikasema. Hilo "baba" lilinitoka lenyewe.

"Pita tu. Ila tukate pembeni kabisa, chumvi yako isije ikahamia kwangu."

Tulikata. Tukajaza maji, tukayaachia, tukajaza tena, mara nne, mchana kweupe, chumvi ya ukoo ikipita mbele ya kila mwenye macho. Wifi alisimama juu ya tuta.

"Kumbe ilikuwa nyingi hivi," akasema, "na wewe ulikuwa unaifagia."

Tulivuna magunia saba. Kona moja bado ina kipara, lakini kamati ilipokuja kukagua haikuwa na la kusema, ila mwenyekiti akataka kujua ni utaalamu gani niliotumia, wauandike. Nusu ya waliosimama pale nimewafundisha. Sentensi ya kwanza ya hotuba nilikuwa nayo tayari mdomoni.

"Wa fundi bomba," nikasema. "Andikeni hivyo. Ila jina la mwenye shamba libaki la marehemu."