Mama Alipouza Kelele

Magoti ya mama yangu ndiyo yaliyoamua tuhame Mchafukoge, jirani na soko la Kariakoo. Mama mwenyewe hakuwa na ugomvi na mtaa. Ngazi ndizo zilizomshinda. Tuliishi ghorofa ya tatu katika jengo la zamani, ambalo lifti yake iligeuka kabati la mifagio kabla sijazaliwa. Kila siku mama alipanda akisimama kwenye kila kona, akijifanya anakagua kuta.

Siku moja akatangaza kwamba anauza fleti yetu. Atanunua nyumba ya chini, yenye ua wa kuanikia nguo, na iwe kando ya lami ili hospitali isiwe safari. Hilo la lami alilirudia kuliko mengine yote. Akiba ya kuongezea hakuwa nayo. Fleti ikiuzika vizuri, atapata pa kando ya barabara. Ikiuzika vibaya atashukia bondeni, na magoti yaliyokimbia ngazi yatapokelewa na matope.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kazi sijapata, kwa hiyo nilikuwa na maoni. Nilimwambia thamani ya eneo ni imani tu, kama ilivyo noti: watu wakiacha kuiamini, inabaki karatasi. Saruji ni ile ile, bati ni lile lile; kwa nini chumba cha Mchafukoge kiwe ghali kuliko chumba kama hicho hicho kilichoko Chanika? Mama alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Haya, msomi," akasema. "Dalali akija, wewe utakuwa chumbani unapumzika."

Sikupumzika. Dalali alikuwa kijana wa Ilala, shati limenyooshwa, simu mbili mkononi na zote zinaita. Akasema kwa hapa mjini nyumba inajiuza yenyewe. Nikamuuliza, kama inajiuza, yeye anachukua asilimia ya nini? Mama akanituma dukani kufuata sukari, ingawa ilikuwepo.

Mama aliamini nyumba huuzwa kwa sura yake, kama mtu anayekwenda kuposa. Alipaka rangi, akafua mapazia, akasugua vigae vya bafuni mpaka vikawa vyeupe kuliko siku viliponunuliwa. Hata kirafu cha ukutani, ambacho familia ya Kihindu iliyotuuzia ilikuwa ikiwekea sanamu ya mungu wao, na mama akaweka saa, kilipakwa vanishi. Humo ndani hakuona aibu yoyote. Aibu yake ilikuwa chini, mlangoni.

Mlango wetu wa chini ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa muuza viatu. Alitandaza bidhaa zake tangu kizingiti hadi barabarani, na kwa miaka mama alikuwa akipambana naye kila asubuhi. "Baba, njia," mama anasema. Yeye anasogeza raba moja. "Baba, mimi nina miguu miwili." Anasogeza na ya pili. Ukipita hapo unakutana na mikokoteni, wabeba mizigo wanaopiga kelele za "njia, njia" bila wao kuwa nayo, na vipaza sauti vinavyokariri bei kama madrasa.

Kwa hiyo mama akaweka sharti: wateja waje Jumapili alasiri tu, wakati Kariakoo inaposhusha sauti. Akateremka mwenyewe kumwomba muuza viatu asitandaze siku hizo. Yule bwana alishtuka kusalimiwa kwa upole, akauliza kama kuna msiba.

Zilikuja familia mbili. Walikuwa watu wa adabu, walisifia vigae, wakanywa juisi. Baba mmoja akauliza siku za kazi kukoje. Mama, ambaye uongo humkwama kooni, akajibu kwamba huwa kuna watu watu kidogo. Mimi nikakohoa. Hao hawakurudi. Wengine walirudi na bei, na dalali akatuambia waziwazi kwamba bei ile ilikuwa ya bondeni.

Wiki hiyo nilimkuta akiwa amekaa kwenye ngazi ya katikati, si kwamba amechoka, alisema, anafikiria.

Jumatatu iliyofuata dalali akabisha hodi bila taarifa, nyuma yake mwanamke wa makamo, mfanyabiashara wa mashuka na mapazia, mtu wa Mtwara kwa lafudhi yake. Mama alikuwa na kanga ya jikoni, na nyumba nzima inanukia dagaa. Mgeni akasema shikamoo, mama akaitika marahaba huku akikimbilia kufunga madirisha. Mgeni akamfuata nyuma, akayafungua tena, akainama kutazama chini.

"Samahani, mwanangu," mama akasema. "Leo ndiyo kumechangamka. Kwa kawaida kunatulia."

Mgeni akageuka. "Kunatulia lini?"

"Aa, mara nyingi tu."

"Mara nyingi lini, mama?"

Mama alidhani anauliza kwa matumaini, akazidi kupamba. Akasema Jumapili unasikia kunguru wakitembea juu ya bati la jirani. Akasema ngazi hizi hapiti mtu ila wakazi. Uso wa mgeni ulikuwa unaingia giza kama wa mtu anayesimuliwa ugonjwa. Dalali, aliyekwisha kukatazwa kumwingilia mama akiongea, alikuwa anakonyeza mpaka nikadhani ameingiwa na vumbi jichoni. Niliona wazi kwamba kwa kila sifa ya mama, ile nyumba ya kando ya lami inarudi nyuma hatua moja. Nikamuuliza mgeni kama anatafuta pa kuishi.

"Kuishi naishi Mbagala," akasema. "Hapa nataka stoo, nami niuze pale chini. Mteja akitaka mashuka zaidi, yashuke kabla hajabadili mawazo."

Mama akakaa kwenye kochi lake. Akatazama sebule ile aliyotulelea, akatazama kirafu chenye vanishi mpya. Kwa kitambo nilidhani atakataa, na sijui ningemlaumu vipi. Halafu akajiweka sawa kanga yake.

"Mwanangu, nimekudanganya," akasema. "Humu hakujawahi kutulia. Huo mlango wa chini mimi nautafuta miaka yote, sijauona."

Mgeni akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mama akaona njia, akaingia nayo. Akaeleza jinsi mikokoteni inavyosimama pale pale kizingitini hata ukiwaapiza wasukumaji. Akaeleza habari za muuza viatu, mkorofi asiyeondoka hata kwa dawa.

"Ana wateja?"

"Wanakanyagana," mama akasema, kwa fahari ambayo hajawahi kuionyesha hata nilipohitimu.

Mgeni hakuingia bafuni. Vile vigae hakuviona mpaka leo, labda vimefunikwa na marobota. Walivutana bei kwa siku kadhaa, lakini kwa furaha, na ilipofikiwa ilikuwa ya kando ya lami.

Jambo lililomsumbua mama baadaye ni hilo la vigae. Alikuwa ameitunza nyumba ile kama yai, na bei ikapandishwa na watu aliowafukuza mlangoni kila asubuhi. Mimi nikaona nadharia yangu haijaanguka, imehitaji marekebisho: eneo ni imani, sawa, ila waumini wake wanakuja na mikokoteni. Mama akasema marekebisho hayo angeweza kunipa bila ada. Siku ya kuhama alimshushia muuza viatu sahani ya wali. Yule bwana akauliza kama huyo anayekuja naye ni mkorofi.

Kununua kukawa na dalali mwingine, wa huko pembezoni, na huyo naye, cha ajabu, akatuita Jumapili. Alituonyesha kwanza nyumba ya bondeni: kubwa, madirisha ya alumini, ua wa kuanikia nguo za kijiji kizima. Akasema kutoka lami ni dakika tano tu. Nikamuuliza dakika za nani. Ikabainika ni za bodaboda, wakati wa kiangazi, akiwa anateremka.

"Na kumetulia sana, mama," akasema.

"Ndiyo ninachoogopa," mama akajibu.

Wakati wa kupanda kurudi ndipo nilipoona kitu. Karibu na lami, karibu kila ukuta ulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Kila mtu Dar anajua sababu. Mwenye nyumba akisafiri kwenda kuzika, tapeli, au mpwa asiye na subira, anaweza kumleta mnunuzi na kumwonyesha hadi choo. Kule bondeni tulikotoka, kuta zilikuwa safi. Nikamwambia mama kwamba hicho ndicho kipimo: mahali ambapo hata tapeli hajisumbui kuuza nyumba yako, usinunue.

Mama akasimama, akajishika goti, akageuka kulitazama bonde kwa muda mrefu. "Chuo kimekusaidia," akasema. "Ila kwa kuchelewa."

Akanunua ndogo, vyumba viwili, kando ya lami, mkabala na mashine ya kusaga. Ua unatosha kamba moja. Hospitali anakwenda na kurudi kabla chai haijapoa, kwa maneno yake. Mimi nilipata kazi nikapanga kwingine, na kila nikimpigia simu ananilalamikia mashine, nami namwuliza kama tumwombe mwenye mashine ahame. Hapo husema mtandao unakatika.

Mara ya mwisho nilipokwenda nilikuta fundi rangi anafunga kopo lake. Ukuta wa mbele umeandikwa kwa nyekundu, herufi za mwanzo kubwa na za mwisho zimebanana kwenye kona kwa kukosa nafasi: NYUMBA HII HAIUZWI. Mama alikuwa amekaa kibarazani, miguu ameinyoosha, anaikagua kazi.

"Mama, kwani kuna aliyekuuliza bei?"

"Bado," akasema. "Lakini nawaona, wakifika hapa wanapunguza mwendo."