Wali Mwenye Miguu ya Karani

Viatu vilikuwa vyeusi, vya ngozi, na vilinibana tangu dukani. Mwenye duka aliniambia vitaachia nikivitembelea, nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, karani katika ghala la katani pale Tanga, na dada yangu wa pekee alikuwa anaolewa Mkwaja, Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Baba alikwisha kufariki zamani. Kaka mwingine hatukuwa naye, baba mdogo hatukuwa naye. Basi wali wa kumwozesha nilikuwa mimi, na marehemu mwenyewe aliniusia hivyo kabla ya kukata roho. Miaka ya hamsini hiyo, na mimi ni karani. Ningefikaje ukweni kwa dada yangu na makubazi?

Masika yalikuwa yameikata barabara, malori hayapiti, kwa hiyo tuliamua kwenda kwa miguu, mimi na mjomba wangu, ndugu yake mama. Huyu ndiye aliyetulea. Alitulisha, alitusomesha, alimwuguza mama mpaka siku yake ya mwisho. Lakini sheria ni sheria, na mjomba hawi wali. Uwali hupita upande wa baba. Hakuwahi kulisemea jambo hilo, nami sikuwahi kumwuliza.

Tulitoka Jumamosi alfajiri. Watu wa pwani wakati ule walikuwa na mazoea yao ya safari: viatu hufungwa pamoja na kuning'inizwa begani, mtu akaenda peku, akafika karibu na mji anaokwenda, akanawa miguu, ndipo akavaa. Mjomba alivua makubazi yake tulipozipita nyumba za mwisho. Kisha akaitazama miguu yangu.

"Hivyo vya kufikia, mwanangu, si vya kwendea. Vua."

"Karani haendi peku," nikamjibu.

Naam, nilisema hivyo, kwa kinywa changu.

Kufika Tongoni, visigino vilikwisha kufanya malengelenge na malengelenge yenyewe yalikwisha kupasuka. Nilikuwa nakwenda kwa ncha za vidole kama mtu anayenyatia kuku, na mjomba, ambaye alikuwa anaona kila kitu, akawa anaimba taratibu huku anatazama mbele. Mbele kidogo palikuwa na matope. Kiatu kiliteleza, kifundo cha mguu wa kulia kikateguka, nikaketi chini kwa kishindo. Niliyoyatamka hapo sitayaandika. Mjomba alinivua viatu, akanibeba mgongoni palipokuwa pabaya na kunikokota palipokuwa pazuri, mpaka Kigombe.

Huko alikuwa na jamaa yake, bibi mjane aliyekuwa fundi wa kukanda viungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu ndiye bwana harusi?"

"Ndiye wali," mjomba akasema.

Bibi akanishika unyayo, akaubonyeza kwa kidole gumba. "Wali! Na miguu laini hivi, kama ya mtoto wa siku arubaini! Unafanya kazi gani, mjukuu wangu?"

"Karani."

"Ahaa," akasema, kana kwamba nimemtajia jina la ugonjwa.

Alitoboa malengelenge yaliyobaki kwa mwiba wa ndimu, akaitia miguu yangu katika maji ya chumvi ya uvuguvugu, nikapiga ukelele uliowaleta majirani. Kisha akakanda kifundo kwa mafuta ya nazi, akakifunga kwa kipande cha kanga. Akatoa amri: siku tatu nisiukanyagie mguu ule, na safari nisiifikirie kabla ya Ijumaa.

"Lakini Ijumaa ndiyo ndoa!"

"Mguu haujui Ijumaa."

Nilinuna siku ya kwanza, nikanuna ya pili. Ya tatu bibi akaja na mbuzi ya kukunia nazi. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Jembe huliwezi. Kaa hapo, nyoosha mguu, kuna." Mwanamume kukalia mbuzi, tena kibarazani, mbele ya watu! Wanawake wa mtaa wakawa wanapita mara mbili mbili, kila mmoja na hodi ya uongo, wanataka kumwona karani wa Tanga akikuna nazi. Mmoja akaniambia zangu ni za vibonge vibonge, zinafaa kulishia kuku. Nikacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilipocheka tangu Tongoni, na nadhani mguu ulianza kupona hapo. Viatu nilimpa mwana mkubwa wa bibi, na yeye vilimwenea.

Siku hiyo hiyo mjomba alikuwa hana budi kuondoka, maana mwenye shughuli hafiki siku ya shughuli. Nilijaribu kusimama. Nikakaa tena upesi kuliko nilivyosimama. Sheria inamruhusu wali kuweka wakala aozeshe badala yake, na sikuwa na njia nyingine. Bibi akawaita wanawe wawili wawe mashahidi.

"Mjomba, nimekuwakilisha umwozeshe dada yangu," nikasema.

"Nimekubali," akasema. Akarudia, "Nimekubali," ingawa moja lilitosha. Aliondoka bila kumaliza uji wake, na nilimsikia njiani akijifunza maneno ya kuozesha, anakosea, anaanza upya.

Niseme kweli: niliona wivu. Nilijiona nimenyang'anywa. Asubuhi ya pili yake nilikanyaga chini na mguu ukakubali. Bibi alinung'unika, akakaza kile kitambaa, akanipa fimbo. "Nenda peku, nenda polepole, ukiumwa kaa." Nia yangu ilikuwa moja, kufika kabla ya alasiri ya Ijumaa na kuichukua nafasi yangu.

Mpaka Pangani nilichechemea. Nikavuka mto kwa mtumbwi, na kesho yake, kwenye mchanga mgumu wa maji kupwa, mguu ukaanza kunisahau nami nikaanza kuusahau. Nyayo zilikuwa zinaota ngozi mpya. Nililala Kipumbwi kwenye baraza la msikiti, nikala muhogo wa watu nisiowajua, na Ijumaa nilitembea nikipiga mluzi. Sijapata kufurahia miguu yangu kama siku ile.

Niliingia msikitini Mkwaja watu wameshasali. Mjomba alikuwa ameketi mbele, mkono wake ndani ya mkono wa bwana harusi, na mwalimu wa msikiti amewafunika kitambaa. Mtu akasema, "Wali mwenyewe huyo!" Wote wakageuka, wakanipisha.

Mjomba akaniona. Midomo yake ilikuwa bado inacheza, anayarudia yale maneno. Akauvuta mkono wake kutoka kwa bwana harusi, pole pole, akaanza kuinuka anipishe. Hakukunja uso. Alikuwa amezoea kupisha, na mimi nilikuwa sijawahi kuliona hilo katika maisha yangu yote.

"Kaa, mjomba," nikasema. "Uwakala wako sijauvunja."

Nikaketi nyuma yake na matope yangu. Akayasema maneno yote bila kukosea, isipokuwa alipofika kwenye jina la baba yetu. Hapo alikosea mara moja, akaanza upya, akamaliza.

Baadaye niliingia ndani kumpa dada mkono. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele na yeye hakujua yaliyopita msikitini.

"Kaka, umefika! Wewe ndiye uliyeniozesha?"

"Hapana. Mjomba."

Akanishika mkono kwa nguvu, machozi yakamtoka huku anacheka. "Nilikuwa namwomba Mungu iwe hivyo," akasema, "ila niliona haya kukwambia."