Picha Tatu za Mfalme Mwenye Nishani

Sogea karibu, ndugu msikilizaji, na ukichanganyikiwa njiani usione haya. Mimi mwenyewe nilichanganyikiwa tangu mwanzo wa safari hii hadi karibu na mwisho wake, na hata leo kuna sehemu moja ambayo bado sijaielewa. Nitakwenda polepole, tufike pamoja.

Miaka ile miwa ilikuwa ikilipa. Nilikuwa mwalimu wa historia katika shule moja mjini Kakamega, na mwalimu mkuu alitaka ukuta wa ukumbi wetu mpya uchorwe picha ya Nabongo, yaani mfalme wa zamani wa Wawanga, akiwa amevaa nishani zake zote. Nieleze kidogo kuhusu nishani hizo. Wafalme wa Ulaya walikuwa na vyama vya heshima ambavyo hapo kale vilikuwa vya wapiganaji wapanda farasi. Mtu aliyeingizwa katika daraja la juu la chama hicho alipewa vitu vya kuvaa: nyota kubwa ya kifuani, msalaba wa shingoni, na utepe mpana unaoshuka kutoka begani hadi kiunoni. Nyota huvaliwa upande wa kushoto. Wazee wa kwetu walikuwa wakisimulia kwamba Nabongo naye alipewa vitu vya namna hiyo, lakini kila mzee alivihesabu kwa njia yake.

Basi nikatangaza mbele ya wanafunzi kwamba mwenye picha ya Nabongo kwao ailete. Zikaja picha tatu. Nilizipokea kwa furaha, nikazitia zote katika bahasha moja, na sikuandika nani ameleta ipi. Wiki hiyo shule zikafungwa, wanafunzi wakatawanyika.

Ndipo ilipokuja barua kutoka Matungu. Ilikuwa imeandikwa na mtu mwingine kwa niaba ya mama mmoja aliyejulikana kwa jina la mwanawe, Mama Makokha. Ilisema hivi: mtoto wa jirani, aliyekuwa akienda kumsomea barua, aliona picha sandukuni mwake akaibeba kuileta kwangu. Picha hiyo ilikuwa ya mwanawe Makokha, mkata miwa, aliyefariki mwaka uliotangulia. Hakuwa na nyingine. Jumapili wangemfanyia ibada ya kumbukumbu, na alitaka uso wa mwanawe uwe juu ya meza.

Nikamwaga bahasha juu ya kitanda. Zilikuwa picha tatu za mfalme. Mkata miwa hakuwamo.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda baiskeli yangu na kushika njia ya Mumias, bahasha ikiwa ndani ya shati. Sikujua naenda kurudisha nini. Nilijua tu kwamba nisipokwenda, mama yule angekaa mbele ya meza tupu. Baada ya Shianda barabara ikawa mali ya matrekta. Trela za miwa zilipita moja baada ya nyingine, na kila zilipoingia shimoni ziliangusha mashina mawili matatu. Mashamba yalikuwa miwa kulia na miwa kushoto, hadi yalipofika kwenye milango ya jikoni za watu. Hewa ilikuwa na harufu ya sukari iliyoungua.

Saa tano nilifika Mumias. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Athumani, fundi wa nguo, rafiki wa marehemu baba yangu. Tulisalimiana, akaniuliza habari za mama, za kazi, za njia, kisha akaenda kuswali Ijumaa akaniacha nikilinda cherehani. Aliporudi alinipa chai na mahamri, nami nikapanga zile picha juu ya meza yake ya kukatia nguo.

Sasa nazo nikueleze. Katika kila picha kuna mwanamume aliyesimama, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, ndevu nyingi, usinga mkononi. Kifuani ana nyota, shingoni msalaba, na utepe umekatiza kifua. Mmoja alikuwa mwembamba, na mkononi ana saa ya chuma. Wa pili, nyota yake ilikuwa kulia badala ya kushoto. Wa tatu alikuwa mnene kidogo, na picha yake ilikuwa imepauka kuliko nyingine. Nilikuwa nimejiambia kwamba mtu hunenepa na kukonda.

Mzee Athumani alivaa miwani. Akatazama, akavua miwani, akaipangusa, akavaa tena.

"Mwalimu, hawa wafalme umewatoa wapi?"

"Ni mfalme mmoja, mzee. Ni Nabongo."

"Hili koti nimelishona mimi," akasema.

Nilifikiri nimemsikia vibaya. Akavuta kigoda akaketi, akanieleza. Jirani na duka lake palikuwa na studio. Mwenye studio alimletea picha ya Nabongo, ya kweli, akamwomba ashone koti la kufanana na lile, ili wateja walivae wapigwe picha.

"Wakilipwa miwa walikuwa wanakujanga hapa mbio," akasema. "Huyu anataka suti, yule anataka awe Nabongo. Kuna siku wafalme saba walipanga laini hapo nje, wanakunywa soda, wanangojea koti moja."

"Na nyota?"

"Ni kifuniko cha kopo la maziwa. Nilikikata, nikakishona na uzi mbili hapa, upande wa moyo."

"Na ndevu?"

"Hizo ni za penseli. Mpiga picha alikuwa anasema Nabongo bila ndevu, mteja atataka arudishiwe pesa."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa barua ya Matungu, na papo hapo nikazidi kupotea. Makokha alikuwa mmoja wa hawa watatu. Lakini yupi? Mzee aliniambia mpiga picha amehamia Busia, na filamu zake za zamani zilikuwa zimeharibiwa na mvua. Mwanafunzi aliyeleta picha, kwa maelezo ya ile barua, alikuwa likizoni kwa shangazi yake Kitale. Nikamsogezea mzee ile picha ya pili.

"Mbona hapa nyota iko kulia? Uliihamisha?"

"Haikutoka hata siku moja. Nilishona kushoto, ikakaa kushoto mpaka koti likaliwa na panya."

"Basi hii imekuwaje?"

"Mimi nashona, mwalimu. Ya picha, uliza watu wa picha."

Akaichukua ile ya tatu, iliyopauka. Aliiweka karibu na pua, kisha mbali.

"Hili koti labda ni langu, labda si langu. Utepe wangu haukuwa na pindo. Huu uko na pindo."

"Yaani huyu ndiye Nabongo mwenyewe?"

"Nimesema ya pindo. Ya uso sijasema."

Jumamosi asubuhi niliondoka kwenda Matungu. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, na mara mbili nilishuka kwenye baiskeli nikajibanza ndani ya miwa ili trekta lipite. Kila mkata miwa niliyemkuta njiani nilimtazama usoni kwa kumpima, nikijaribu kumvika kofia na ndevu kichwani mwangu. Wengi wangeweza kuwa wafalme.

Saa nne nilikuwa kwa Mama Makokha. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga kwa vidole, uso ameuelekeza juu kidogo, na kabla hajanyoosha mkono nikajua kwamba macho yake hayaoni. Barua haikuwa imesema hivyo.

"Mulembe, mama. Mimi ni mwalimu wa Kakamega."

"Mulembe, mwana wangu. Umeniletea Makokha?"

Nikasema nimemleta. Sikujua jibu lingine. Nikamwekea mapajani bahasha nzima, nikamweleza ukweli: ndani mna picha tatu, na sijui yake ni ipi. Alizitoa, akazipapasa moja moja kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayechagua mbegu. Kisha akanirudishia zote.

"Zote ni karatasi," akasema. "Alinipea wakati macho yalikuwa yameshaisha. Sijawahi kuiona. Alisema tu amevaa vizuri."

Akaitwa jirani, Wangara, baba wa yule mwanafunzi aliyeichukua picha. Alikuja na majirani wengine wawili, na mwanzoni alikuwa na aibu, lakini haikudumu.

"Kwa hivyo wewe, mwalimu mzima, umekuja kutafuta mfalme kwa nyumba ya mkata miwa?" akaniuliza.

"Mtoto wako ndiye aliyeniletea huyo mfalme," nikamjibu, na wenzake wakamcheka.

Lakini walipozitazama picha, hawakukubaliana. Mmoja alisema Makokha ni yule mwenye saa. Mwingine akasema Makokha hajawahi kuvaa saa, labda yule mnene. Wangara alisema ndevu zile zinamvuruga, kwa sababu Makokha hakuwa na ndevu hata moja. Nilimwona Mama Makokha akigeuza kichwa kufuata kila sauti, na mikono yake ikarudi kwenye mboga.

"Mama," nikasema, "mwili wake ulikuwa na alama yoyote?"

"Kidole kidogo. Kilikatika na panga, msimu wa kwanza wa miwa. Mkono wa kushoto."

Tukainama. Mwenye saa alikuwa na vidole vyote. Mnene vilevile. Yule wa pili, mkono ulioshika usinga ulikuwa na kidole kidogo kifupi, kimeishia kwenye kiungo.

"Iko," akasema Wangara. Kisha akasita. "Lakini hii ni mkono ya kulia. Mama amesema kushoto. Huyu si yeye."

Mimi nikatazama kile kidole, na nyota, na kile kidole tena. Vyote viwili vilikuwa upande usiofaa. Mzee Athumani aliniambia nyota haikuhama. Ikiwa nyota haikuhama, basi kilichohama ni picha nzima.

Hebu nikueleze kama nilivyowaeleza wao. Filamu ni kama kipande cha kioo cha dirisha: unaweza kuitazama kutoka upande huu au ule. Msafisha picha akiiweka kinyume, kushoto kunakuwa kulia, na mtu asipokuwa na maandishi nguoni hutatambua. Niliomba kioo cha kujitazamia. Wangara alitoka mbio kwake akarudi na kimoja chenye ufa. Nikaishika picha mbele ya kioo hicho, na humo ndani kila kitu kikarudi mahali pake: nyota ikakaa upande wa moyo, na kile kidole kifupi kikawa cha mkono wa kushoto.

Wale wanaume watatu walisogeza vichwa. Wangara akaziba ndevu kwa kidole chake, akatazama mdomo.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "ni yeye."

Mama Makokha alinyoosha mkono, nikampa picha. Hakuipapasa tena. Aliishika tu.

"Amevaa nini?"

Nikaketi chini karibu naye nikamwambia yote, bila haraka. Nyota ni kubwa, ina pembe nane. Msalaba uko chini ya koo. Utepe unatoka begani hadi kiunoni. Ni mavazi ya heshima ya Nabongo. Nilimwambia pia kwamba nyota ilikuwa kifuniko cha kopo la maziwa, kwa maana sikutaka kumwachia jambo ambalo mtu angekuja kulibomoa baadaye.

"Huyo fundi alishona vizuri?"

"Vizuri sana, mama."

"Na viatu?"

"Miguu haionekani."

"Basi hakuwa nazo," akasema, akacheka mpaka akajifuta macho.

Mchana tulikula obusuma, yaani ugali, na ingokho, kuku aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya kesho. Nilipokataa, Wangara aliniambia nisimpe mama kazi ya kunibembeleza.

Jumapili, saa nne, ibada ilianza uani. Picha ilikuwa mezani, juu ya kitambaa cheupe, imeegemezwa kwenye Biblia. Watu walipita mmoja mmoja, wakaona mfalme, wakashangaa, na Wangara akawa amesimama kando na kile kioo chake akiwaeleza habari ya filamu kana kwamba yeye ndiye aliyeigundua. Mama Makokha alikuwa kwenye kiti cha mbele. Baada ya sala ya mwisho aliniita.

"Mwalimu, uko na kalamu?"

"Niko nayo."

"Andika jina lake huko nyuma. Sitaki aondoke tena kama mtu mwingine."

Niliandika: Makokha, mkata miwa, wa Matungu, amevaa koti la studio, Mumias. Nikamsomea. Akataka niongeze kwamba nyota iko upande wa kushoto.

Jumatatu nilirudi Kakamega. Mwalimu mkuu aliniuliza kama nimempata Nabongo, nikamwambia nimebaki na watu wawili: mmoja ana saa, mwingine ana utepe wenye pindo, na huyu wa pindo huenda ni mfalme na huenda ni mkulima aliyelipwa vizuri. Akaniuliza mchoraji achore yupi. Nikamjibu kwamba sijui, na ukuta ukabaki mweupe muhula mzima.

Nilichojifunza ni hiki: nilizitazama nishani kwa wiki nzima ili nijue mtu, nazo zilikuwa zikikaa juu ya kifua chochote. Mtu alijulikana pale mama yake alipotaja kidole. Siku moja mama hatakuwapo wa kutaja. Kwa hiyo fanya hivi leo, kabla hujalala. Toa picha zako sandukuni, zigeuze moja moja, na kwa penseli laini, bila kukandamiza, andika nyuma jina la kila aliyesimama humo, kuanzia kushoto.